Duara la Phul Baba

Tangazo la ofisi ya ardhi lilibandikwa kwenye lango la Dhapu siku ya soko, saa ambayo mji mzima wa Kherwasar hupita barabara ile na magunia yake. Karani aliyelileta angeweza kuja siku nyingine, lakini watu wa namna ile hupenda kazi yao ionekane. Alipaka gundi taratibu, akalainisha karatasi kwa kiganja, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi dukani kwa Pukhraj, "Humu ndani kuna anayejua kusoma, au nisome mimi?"

Alikuwepo. Sugani, mke wa mwana wa Dhapu, alimaliza darasa la nane kabla hajaolewa. Alishusha ushungi hadi kidevuni, akangoja karani aondoke, akasoma akiwa amesimama mbele ya watu waliojifanya hawasikilizi.

"Wanasema nini?" Dhapu aliuliza kutoka kwenye zizi la mbuzi.

"Wanasema nyumba iko ndani ya uwanja wa ndege wa zamani, mama. Ni mali ya serikali. Wanataka kuufanya uwanja mahali pa kutembelea wageni. Tuhame."

"Uwanja wa ndege!" Dhapu alitoka na mikono imejaa majani. "Mimi tangu niolewe hapa sijaona ndege kubwa kuliko tai. Hao wamekosea nyumba."

Pukhraj muuza duka alicheka, lakini kwa upole, kwa sababu siku zile bado alikuwa anapata faida kutokana na nyumba ile. "Wasikubabaishe, Dhapu. Hapa kuna Phul Baba. Nani atathubutu kuvunja kwa Baba?"

Hilo ndilo lililokuwa tegemeo lao. Mbele ya nyumba, kwenye ardhi ngumu isiyoota kitu, palikuwa na duara jeupe la chokaa, kubwa kiasi cha kuketi watu wa harusi nzima ndani yake. Katikati palikuwa na jiwe lililopakwa rangi nyekundu, na kengele juu ya mti mkavu. Hakuna aliyelivuka lile duara akiwa na viatu. Wanawake walikuja Jumanne na maua ya njano na nazi, maua hasa, kwa kuwa phul kwa lugha yao ni ua na Baba mwenyewe ni Baba wa Maua. Waliomba watoto, waliomba mvua, waliomba waume waache pombe. Sugani alikaa miaka bila mimba, akaweka nadhiri pale, akapata binti. Wakamwita Phuli.

Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Diwali, Dhapu alizima chokaa mpya kwa maji kwenye pipa na kulipaka duara upya. Alifanya kazi hiyo akiwa amefunga, miguu mitupu, akinong'ona maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyajua. Ndani ya maneno hayo lilikuwamo jina kamili la Baba, na jina hilo halikutamkwa kwa sauti. Wao ni wachoma chokaa. Kwa mabwana wa mji hawakuwa kitu. Lakini kwa Phul Baba walikuwa wenyewe, na mke wa tajiri alilazimika kumwita Dhapu "mama" kabla hajapewa majivu ya ubani.

*

Hukmaram, mwana wa Dhapu, alirudi kutoka mji wa Jodhpur anakofanya kazi ya kuweka vigae, akaenda moja kwa moja kwa vakili Sattar, mwanasheria wa pale mjini. Alirudi uso umetulia kidogo.

"Vakili anasema mahali pa ibada pa zamani hapavunjwi ovyo, na anayepatunza haondolewi ovyo. Tuseme hivyo tu, tusiongeze neno."

"Kwani kuna neno gani la kuongeza?" alisema Dhapu. "Si ndivyo kulivyo?"

Wangeshika hapo, labda wangepona. Lakini wiki ile ile akaja Profesa Purohit.

Alikuja na gari la kukodi, kofia ya jua, na mkanda mrefu wa kupimia. Alishuka, akaliona duara, na mtu mzima yule akaanza kutembea haraka kama mtoto aliyeona peremende. Sugani, ambaye haongei na wanaume wageni, aliona viatu vyake vikikaribia chokaa. Alishika sahani ya chuma akaigonga kwa kijiko, ngwa ngwa ngwa, mpaka mgeni akashtuka na kusimama.

"Viatu, sahibu," Hukmaram alimwambia.

"Samahani! Samahani sana." Akavivua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu mtu mbaya unajua la kumfanya.

Dhapu alikuwa amekwisha kulisugua gudulia la shaba kwa majivu mpaka linang'aa, akalijaza maji, akamletea. Profesa alitoa chupa yake ya plastiki kwenye mkoba.

"Nina yangu, mama. Tumbo langu halizoei maji ya mahali pengine."

"Haya."

Alilirudisha gudulia jikoni likiwa limejaa vile vile. "Tumbo," alimwambia Sugani kwa sauti ya chini. "Tangu lini Purohit, mtu wa ukoo wa makuhani, akanywa maji ya mchoma chokaa? Zamani walisema ni dini. Siku hizi ni tumbo."

Profesa alikaa kwenye kitanda cha kamba uani akatoa picha, iliyopigwa kutoka angani enzi za Waingereza. Palionekana jangwa la kijivu, vivuli vya mahema mawili, na kitone cheupe.

"Hiki," alisema, akikigonga kwa kidole. "Nimekitafuta miaka. Ramani ya uwanja huu iliwekwa kwenye stoo, ikaliwa na mchwa. Nimebaki na hii tu."

"Barabara ya kurukia iko wapi?" Hukmaram aliuliza.

"Haikuwepo. Ndege zile za mwanzo zilikuwa mbao na kitambaa tu, upepo wa ubavuni ungezipindua. Uwanja wote ulikuwa wazi, rubani anatua kwa kuukabili upepo, utoke popote utokapo. Katikati walipaka duara la chokaa ili alione kutoka juu. Hilo duara ndilo kitovu. Nikiwa na uhakika wa kitovu, naweza kuweka kila kitu mahali pake: mahema, shimo la petroli, mlingoti wa kuonyesha upepo, mawe ya mpaka."

"Mpaka pia?"

"Mpaka pia."

"Na nyumba yetu itakuwa ndani au nje ya mpaka?"

Profesa aliikunja picha. "Hilo si swali la historia, Hukmaram."

"Kwetu ndilo swali pekee, sahibu."

Zizini mbuzi mmoja akakohoa. Profesa akasema kwa upole, "Sikiliza. Kama duara hili ni lile, basi familia yenu imelitunza muda wote huu bila malipo. Nchi nzima hakuna lingine lililobaki. Nitaandika jina la babu yako. Serikali haitamtupa nje mtu aliyeitunzia mali yake."

"Utaandika?"

"Kwa herufi nzito."

*

Jioni walikula mkate wa uwele na mchuzi wa maziwa lala, na hakuna aliyesikia ladha yake.

"Vakili anataka mahali pa ibada," alisema Hukmaram. "Profesa anataka duara la ndege. Mimi sioni ugomvi. Kwani Baba hawezi kukaa kwenye uwanja wa ndege? Hata mungu wetu Hanuman aliruka angani."

Sugani alicheka chini ya ushungi. Dhapu hakucheka.

"Huyo mtu ana njaa, Hukma. Nimemwona anavyoliangalia lile duara. Mtu mwenye njaa hakukaribishi mezani."

"Mama, vakili ni wa mjini hapa, nani anamsikiliza? Huyu ni profesa. Akisema neno moja kule juu, wanasimama. Babu alifanya kazi pale, si ndiyo?"

"Alikuwa kijana, alipaka chokaa. Ndivyo ilivyosemwa. Halafu Baba akamtokea."

"Alimtokea vipi?"

Dhapu aliumega mkate. "Sikuuliza. Mke wa mwana haulizi."

Hukmaram alitaka sana kuamini. Huko Jodhpur alikuwa mtu wa kupiga magoti kwenye sakafu za watu wengine, akiambiwa apitie mlango wa nyuma akimaliza. Profesa alikuwa amemwita kwa jina lake, akamwonyesha picha, akamweleza mambo ya upepo. Kitu hicho kilimlewesha zaidi ya pombe. Basi profesa alipomwomba jambo moja dogo, kwamba siku ya kupaka chokaa amnasie sauti ya mama yake akisema ile sala, alikubali papo hapo. Hakumuuliza mama.

*

Siku ilipofika, chokaa ilichemka kwenye pipa tangu alfajiri, ikirusha moshi mweupe. Dhapu alianza upande wa mashariki kwa ufagio mpana wa nyasi, akirudi kinyumenyume, mgongo umepinda. Hukmaram alimfuata na ndoo, kazi aliyokuwa akiifanya tangu utotoni. Tofauti ni kwamba safari hii simu ya profesa ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, imewashwa.

Walipofika robo ya mwisho chokaa ikapungua. Dhapu alikaa kivulini kungoja nyingine ipoe. Profesa alikuwa uani, chupa yake ya maji miguuni. Hukmaram alimrudishia simu yake, akidhani ataisikilizia garini. Profesa hakuweza kungoja. Aliibonyeza pale pale.

Ufagio ukasikika, kisha mnong'ono wa mwanamke mzee. *Tirifuti vaid, kipiti vait, Biladi Phul. Tirifuti vaid, kipiti vait, Biladi Phul.*

Dhapu aliinuka. "Hiyo sauti yangu."

"Mama, ni kidogo tu, ni kwa ajili ya..."

"Umenibebea masikio ya mtu mgongoni mwangu, Hukma? Siku ya Baba?"

Profesa hakuwa akiwasikia. Alikunja uso, akairudisha nyuma, akasikiliza tena, midomo yake ikifuata maneno. Halafu akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kama chafya, kikubwa, cha mtu aliyefumbua kitendawili kilichomnyima usingizi. Alijiziba mdomo, akashindwa, akacheka tena.

Sugani alitoka jikoni. Phuli alitoka nyuma yake akiwa na sare ya shule ya darasa la pili.

"Sahibu anacheka nini?" alisema Dhapu. Aliuliza kwa utulivu wa kutisha.

"Mama, nani alikufundisha maneno haya?"

"Baba mkwe. Alikuwa anakufa. Mume wangu alikuwa machimboni, hakuna mwanamume ndani. Alinisemea kutoka upande wa pili wa ukuta, mimi nina ushungi, sikuuona hata uso wake. Aliniambia niyaseme nikipaka, nisiache hata neno."

"Na maana yake?"

"Nimekwambia, mke wa mwana haulizi."

Profesa alivua miwani akaifuta. "Ni Kiingereza, mama. Kimechakaa, lakini ni Kiingereza. Ni amri za bwana mkubwa wa uwanja. Hilo la kwanza, upana futi tatu. La pili, iwe nyeupe wakati wote. Ni ajabu! Ni ushahidi ambao mtu angeuota tu."

"Na jina la Baba?"

Profesa alitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevipanga vizuri nje ya duara.

"Phul ni ua," alisema Dhapu. "Hata mtoto anajua."

"Si ua, mama. Ni tusi. Ndivyo walivyowaita vibarua. Bladi fuli. Ni kama kumwambia mtu mpumbavu wewe, ila ni chafu zaidi."

Nasikia watu wakisimulia kwamba Dhapu alianguka, au alipiga yowe. Si kweli. Alisimama tu. Akawaza, nadhani, juu ya wanawake wote wale waliopiga magoti, na maua yao, na yeye mwenyewe mwenye njaa kila mwaka siku hii, akimtukana Mungu sikioni au akijitukana mwenyewe, hajui lipi. Akawaza juu ya mzee nyuma ya ukuta. Alijua? Alikuwa anampa sala, au alikuwa anampa yale yale aliyopewa yeye, kwa kuwa hakuwa na urithi mwingine? Mzee alikuwa majivu zamani, hapakuwa na wa kumuuliza.

Sugani ndiye aliyesema. Hakumgeukia mgeni, alizungumza na mama mkwe wake kama adabu inavyotaka, lakini sauti ilikuwa kubwa. "Mama, mwambie mgeni kwamba mwanangu anaitwa Phuli."

Profesa hakuelewa. Kisha akamwona mtoto na sare yake, akaelewa, na uso wake ukawa mwekundu kama wa aliyepigwa kofi.

"Sahibu," Hukmaram alimvuta pembeni. Alikuwa ameunganisha mikono mbele ya kifua. "Hilo la mwisho liache. Andika futi tatu, andika nyeupe. Hilo liache, nakuomba."

"Laiti ningeweza."

"Unaweza. Ni kalamu yako."

"Hukmaram, fikiria. Futi tatu mtu yeyote atasema umemfundisha mama yako jana. Lakini tusi lile? Hakuna mtu anayebuni tusi halafu akalisalia nusu karne. Hilo ndilo linalothibitisha kila kitu."

"Linathibitisha kwa nani?"

Nyuma yao Dhapu alikuwa amechukua ufagio. Alirudi pale alipoachia, akaanza kupaka robo iliyobaki, mdomo umefungwa. Alilifunga duara bila kusema neno, na ncha mbili zilipokutana hakuinama kuzigusa kama alivyozoea.

*

Kesi ilisikilizwa kwa tehsildar, afisa mkuu wa ardhi, chumba kimejaa kwa sababu habari ilikuwa imekwisha kusambaa. Dhapu alikaa chini, ingawa palikuwa na benchi. Alipotaka kukaa hapo, mtu aliweka mkoba wake.

Vakili Sattar alijitahidi. Alisema juu ya ibada, juu ya nadhiri, juu ya jiwe na kengele. Tehsildar alimsikiliza huku akifungua ripoti ya Profesa Purohit, ukurasa ambao kumbe alikuwa ameukunja sikio tayari.

"Bwana vakili, naona mteja wako ana majina mawili. Nimwandike Phul Baba, au nimwandike bladi fuli?"

Chumba kilipasuka. Walicheka makarani, walicheka watu wa kesi nyingine, alicheka Pukhraj ambaye alikuwa ameuza nazi za Baba tangu duka lake lifunguliwe. Profesa, aliyeitwa kutoa maelezo, aliinuka na kusema kwamba ripoti yake haikukusudia kuvunjia mtu heshima, kwamba familia ile inastahili shukrani. Akaambiwa asante, akae.

"Mama, una la kusema?" tehsildar aliuliza, akifuta macho.

Dhapu aliinuka kwa kujishika ukutani. "Ninalo. Mvua ilipogoma mlikuja kwangu na nazi. Mke wako alikuja, sahibu. Alilala siku nzima juu ya ile chokaa akilia apate mtoto. Sikumwambia mtu. Leo mtoto wako anasoma shule gani?"

Kicheko kilikatika. Tehsildar alipangapanga karatasi zake. Halafu akapata sauti. "Mke wangu ni mwepesi wa kuamini," alisema, na waliomzunguka wakafurahi kupata ruhusa ya kucheka tena.

Hukumu haikuchukua muda. Duara ni mali ya kihistoria, lisiguswe na mtu. Nyumba, zizi na tanuri la chokaa ni uvamizi, viondolewe.

Nje kwenye ngazi Hukmaram alimshika profesa mkono wa shati. "Ulisema hawatatutupa."

"Nilidhani hivyo. Naapa, nilidhani hivyo." Na kweli alikuwa amedhani. Alitoa kitu mfukoni, akatazama kote, akajaribu kukitia kwenye kiganja cha Hukmaram. Hukmaram aliufungua mkono, noti zikaanguka kwenye ngazi, na karani yule wa gundi akaziokota.

*

Pukhraj alikuja kuchukua kengele. Alisema aliichangia yeye, na sasa wataipeleka kwenye hekalu la mungu Bhairu upande wa pili wa mji. Hakumtazama Dhapu. "Lazima watu wapate pa kuombea," alisema.

"Chukua na jiwe."

"Jiwe la nini?"

Phuli alirudi kutoka shuleni bila mkoba. Alikuwa amekaa nyuma ya choo tangu asubuhi. Alipobembelezwa sana, alisema watoto wanamwita Biladi Phuli, na mwalimu alipouliza kwa nini wanacheka wakamweleza, naye mwalimu akacheka. Akauliza, "Mama, jina langu ni tusi?"

"Jina lako ni ua," alisema Sugani.

"Bibi naye alisema hivyo kuhusu Phul Baba."

Sugani alimvuta akamkumbatia ili asiuone uso wake.

Mashine ilikuja kubomoa baridi ilipoanza. Wasimamizi walizungusha kamba kulinda duara, na dereva alikemewa mara kwa mara, angalia chokaa, angalia chokaa, usiikanyage! Aliisogeza mashine kwa uangalifu mkubwa. Jiko la Dhapu lililala kwa msukumo mmoja, gudulia la shaba likiwa bado ndani kwa sababu katika pilikapilika kila mmoja alidhani mwenzake amelitoa. Hakuna aliyekemea kwa ajili ya gudulia.

Walihamia chumba kimoja cha kupanga nyuma ya karakana ya kukata mawe, mahali ambapo vumbi huingia hata kwenye unga. Hukmaram alipewa kibarua. Ofisi ilihitaji mtu wa kulipaka duara, na hakuna mwingine katika mji aliyejua upana wake kwa jicho. Walimpa rangi ya plastiki ya makopo. Chokaa, walisema, inachafua viatu vya wageni. Alimficha mama yake kazi hiyo, lakini alirudi na rangi kwenye kucha, na Dhapu aliziona, akamsogezea mkate wake bila kusema kitu.

*

Siku ya ufunguzi walitumiwa gari. Ofisi ilikuwa imesema mama awepo, na Hukmaram hakutaka kibarua kipotee. Dhapu alivaa sketi yake nzuri, akamshika Phuli mkono, akapanda.

Uwanja mzima ulikuwa umechorwa ardhini jinsi profesa alivyoupima. Palikuwa na mawe madogo yenye namba mahali pa mahema, mahali pa shimo la petroli, mahali pa mlingoti, ambao sasa ulisimamishwa mpya na mfuko wa kitambaa chekundu ukicheza na upepo. Mawe ya mpaka yalikuwa mbali, ng'ambo ya duka la Pukhraj na nusu ya mji, lakini nyumba hizo hazikuwa zimebandikwa tangazo lolote. Mahali pa nyumba ya Dhapu palimwagwa kokoto. Magari ya wageni yaliegeshwa hapo.

Kando ya duara palikuwa na ubao wa chuma. Profesa alikuwa ametimiza ahadi: jina la Bagtaram, baba mkwe wa Dhapu, mpakaji chokaa, liliandikwa kwa herufi nzito. Chini yake yalikuwepo yale maneno, yote, pamoja na la mwisho. Vijana walijipiga picha mbele yake wakinyoosha vidole na kujipinda kwa kicheko.

Wageni walizagaa ndani ya duara na viatu vyao. Dhapu alipofika kwenye mstari, miguu yake yenyewe ilivua kandambili. Alizitazama pale chini. Akazivaa tena, akaingia.

Walimvisha shali begani kama wanavyofanyiwa watu wa heshima. Profesa alisimama karibu naye, amekonda kidogo. "Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba, "mgeni rasmi angependa kusikia yale maneno. Kama hutaki, nitawaambia hutaki."

"Nitasema."

Watu wakanyamaza. Simu zikainuliwa. Dhapu alisema amri ya kwanza akiitazama rangi ya plastiki, na ya pili vile vile, kwa mnong'ono wake wa zamani. Kisha aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani alipandisha ushungi mbele ya wanaume, akamtazama tehsildar usoni.

"Bladi fuli," alisema, wazi, herufi zote.

Akamgeukia mgeni rasmi. "Bladi fuli." Akamtazama Pukhraj aliyekuwa anauza soda. Akamtazama mwanawe, ambaye aliinamisha macho. Akamalizia na profesa, taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini. "Bladi fuli."

Makofi yalilipuka uwanja mzima. Walipiga miluzi, mgeni rasmi akicheka mpaka anajishika tumbo, tehsildar akimpigapiga mgongo. Profesa peke yake hakupiga makofi.

"Bibi," Phuli alinong'ona, akimvuta shali, "umewatukana?"

"Ndiyo."

"Mbona wanafurahi?"

Kabla Dhapu hajajibu, kijana mwenye kamera kubwa alisukuma watu akafika mbele. "Mama, samahani, kamera haikunasa vizuri. Hebu rudia. Na ukifika pale mwisho, tabasamu kidogo."

Dhapu alimtafuta Hukmaram. Hukmaram alikuwa akitazama ardhi, mikono yenye rangi nyeupe imeunganishwa mbele ya kifua, kama siku ile alivyomwomba profesa.

"Haya," alisema Dhapu.

Akashusha ushungi, akaanza upya, tangu futi tatu.